Filbert Bayi alikimbia kwa pupa au kwa hesabu?

Mwalimu mmoja wa michezo katika shule ya sekondari wilayani Mbulu ameniletea swali ambalo nalifupisha hivi. Ana mwanafunzi wa miaka 17 anayekimbia mita 1500, na katika kila shindano kijana huyo huchomoka mbele mara tu bastola inapolia, kisha hupitwa katika mita 200 za mwisho. Wazee wanaokuja uwanjani humshangilia na kumwita Bayi, kwa jina la yule mkimbiaji wa Tanzania wa miaka ya 1970 aliyezoea kuongoza tangu mwanzo, ilhali kocha wa mkoa humkemea na kumtaka ajifiche nyuma ya wenzake. Mwalimu anauliza kama mbinu ya Filbert Bayi ilikuwa ya busara au ilikuwa pupa iliyositiriwa na kipaji, kama ni haki kumwita bingwa mkubwa mtu ambaye hakupata dhahabu ya Olimpiki, na kama inafaa kumhamishia kijana wake kwenye mbio za kuruka viunzi na maji.

Mwalimu, maswali yako matatu yanashikana, nami nitayajibu kwa kufuata maisha ya Bayi uwanjani, kwa sababu majibu yote yamo humo. Nitangulize jambo moja ambalo sehemu kubwa ya jibu langu inalitegemea: Bayi alikimbia kwa hesabu, na hesabu hiyo haikuwa katika mzunguko wa kwanza ambao kila mtu anaukumbuka, bali katika mzunguko wa tatu ambao karibu hakuna anayeuzungumzia. Kijana wako ameiga sehemu inayoonekana kwa macho, na sehemu iliyoshinda mbio hajaonyeshwa bado.

Bayi alizaliwa mwaka 1953 katika eneo la Karatu, kwenye nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, ambako ardhi iko takriban mita 1500 juu ya usawa wa bahari na vilima haviishi. Alipokwenda Munich mwaka 1972 kwa Michezo ya Olimpiki alikuwa na miaka 19. Aliingia mita 1500 na mita 3000 kuruka viunzi na maji, na katika zote mbili alitolewa kwenye mchujo. Hilo lingetosha kumfanya kijana yeyote arudi nyumbani akiwa mdogo moyoni. Lakini Januari 1973, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, kijana huyohuyo alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1500. Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo mwaka 1968, na miezi michache tu kabla ya Lagos alikuwa ametoka Munich na dhahabu ya kuruka viunzi na maji. Kwa mkimbiaji wa Afrika Mashariki wa wakati ule hapakuwa na mtihani mgumu zaidi ya huo.

Mwaka huohuo Bayi alikwenda kushindana Ulaya, na huko watu wakaanza kumjua kuwa mtu wa kuondoka mbele na kuwaacha wenzake wakitazamana. Hakushinda kila mara. Stockholm, mwezi Julai, Ben Jipcho wa Kenya alimpita katika mbio za maili moja na kumaliza kwa dakika 3:52.0, muda uliokaribia mno rekodi ya dunia, Bayi akawa wa pili. Nakutajia kushindwa huko kwa makusudi, Mwalimu, kwa sababu wazee wanaomshangilia kijana wako huenda wanadhani Bayi alizaliwa akijua kuongoza. Alijifunza kwa kupitwa, kama kijana wako anavyopitwa sasa, na alichofanya mwaka uliofuata kinaonyesha kwamba alijifunza vizuri.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, ilikimbiwa fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Rekodi ya dunia ilikuwa dakika 3:33.1, iliyowekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967, na kwa zaidi ya miaka sita hakuna aliyekuwa ameigusa. Katika mstari wa kuanzia walisimama watu wa kutisha: Jipcho, ambaye katika michezo hiyohiyo alikuwa mshindi wa mita 5000 na wa kuruka viunzi na maji, John Walker na Rod Dixon, wenyeji wawili waliobebwa na sauti za uwanja mzima, na Graham Crouch wa Australia. Bayi alikuwa na miaka 20.

Aliondoka mbele tangu mwanzo. Mita 400 za kwanza alizipita chini ya sekunde 55, na mita 800 karibu dakika 1 na sekunde 52, akiwa amewaacha wenzake kwa pengo ambalo katika mbio za fainali halikuwa la kawaida hata kidogo. Wengi waliotazama waliamini kwamba angeishiwa nguvu. Hakuishiwa. Alimaliza kwa dakika 3:32.16, iliyoandikwa 3:32.2 kwa utaratibu wa rekodi wa wakati ule, Walker akiwa nyuma yake kwa 3:32.52, ambao nao ulikuwa bora kuliko rekodi ya zamani ya Ryun. Jipcho alikuwa wa tatu kwa 3:33.16, Dixon wa nne kwa 3:33.89, na Crouch wa tano kwa 3:34.22. Mtu wa tano katika mbio hizo alikimbia muda ambao, hadi siku ile, ulikuwa wa saba kwa ubora katika historia ya dunia. Sijui fainali nyingine ya miaka ile ambayo mtu mmoja aliwalazimisha wote waliomfuata kukimbia kupita kiwango chao kwa namna hiyo.

Sasa chukua kalamu, maana hapa ndipo penye jibu lako. Muda wa 3:32.16 ukigawanywa sawasawa ni wastani wa sekunde 56.6 kwa kila mita 400. Mzunguko wa kwanza wa Bayi ulikuwa wa kasi zaidi ya wastani huo kwa karibu sekunde 2. Wa pili, kama sekunde 57, ulikaribia sana wastani. Wa tatu ulikuwa sekunde 58 na kitu, yaani polepole kuliko yote. Alipita mita 1200 chini kidogo ya dakika 2 na sekunde 51, na mita 300 zilizobaki alizikimbia kwa sekunde 41 na kitu, wakati kwa mwendo wa wastani zingemchukua sekunde 42.4. Kwa hiyo mtu ambaye simulizi zinasema alikimbia kwa nguvu zote mpaka zikamwishia karibu na utepe, kwa hakika alimaliza kwa kasi kubwa kuliko wastani wa mbio zake mwenyewe. Alipumzika akiwa mbele, machoni pa watu wote, na hakuna aliyetambua kwamba anapumzika.

Fikiria waliokuwa nyuma walivyoyaona mambo. Pengo lilipatikana mapema, na kila mmoja alijua kwamba lazima lizibwe. Walilizibia katika mzunguko wa tatu, wakaona linapungua, wakaamini kwamba Bayi anachoka na wao wanakuja juu. Kumbe walikuwa wanatumia akiba yao kuzifuta mita ambazo yeye alikuwa anawaachia kwa hiari. Walipofika nyuma yake, yeye alikuwa ametoka kuvuta pumzi na wao walikuwa wametoka kukimbiza, kisha akaondoka tena. Walker alikuwa na umaliziaji wa kasi kuliko karibu kila mtu duniani, na katika mita za mwisho alikuja kwa nguvu kweli, lakini tofauti ya sekunde 0.36, ambayo ni kama mita mbili na nusu kwa kasi ile, ilibaki kama ilivyo.

Kocha wa mkoa anapomkataza kijana kuongoza, hana kosa kabisa, na nisingependa umdharau mbele ya wanafunzi. Anayeongoza hupasua hewa kwa kifua chake, na anayemfuata hukimbia katika kivuli cha upepo, akitumia nguvu pungufu kwa kasi ileile. Kwa mwendo wa mita 7 kwa sekunde, gharama hiyo si ndogo. Zaidi ya hapo, anayeongoza hawaoni washindani wake, na hofu ya kisichoonekana huwafanya vijana wengi wakaze mabega na kuharibu hatua zao. Ndiyo maana waliovunja rekodi ya mita 1500 baada ya Bayi, wengi wao, walikuwa na waweka kasi waliolipwa kuwavuta mizunguko ya mwanzo na kujitoa. Bayi hakuwa na mtu wa kumvuta Christchurch.

Lakini kukaa nyuma nako kuna gharama ambayo makocha wetu huisahau. Anayekimbia nje, katika njia ya pili, akizunguka kona moja nzima huongeza karibu mita nne katika safari yake. Kwa mwendo wa Christchurch, mita nne ni zaidi ya nusu sekunde, yaani zaidi ya pengo lililomtenganisha bingwa na wa pili. Ongeza kusukumana, kukanyagwa kisigino, kuvunja hatua ili usimgonge aliye mbele, kisha kuharakisha tena. Bayi alikimbia njia ya ndani, kwa urefu halisi wa mbio, bila kuguswa na mtu. Alilipa gharama ya upepo na akaepuka nyingine zote, na kwa mkimbiaji mwenye pafu lake na asiyetegemea mbio fupi za mwisho, hesabu hiyo ilikuwa sahihi.

Wala hakuwa wa kwanza katika ukanda wetu kukataa kusubiri. Mwaka 1968 mjini Mexico, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2200, Keino alijua kwamba akimwachia Ryun mbio za polepole atashindwa mwishoni, basi Jipcho akatangulia kwa mzunguko wa kwanza wa sekunde 56, Keino akaipokea kasi hiyo na kumaliza karibu mita 20 mbele ya Ryun. Fikra ni moja: mnyang'anye mwenye umaliziaji mkali nafasi ya kuutumia. Keino alikuwa na Jipcho wa kumfungulia njia. Miaka sita baadaye Jipcho huyohuyo alikuwa miongoni mwa wanaomkimbiza Bayi, na Bayi aliifanya kazi ya watu wawili peke yake.

Kuhusu rekodi ya maili sitasema mengi. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliongoza tena na kumaliza kwa dakika 3:51.0, akiivunja rekodi ya Ryun ya 3:51.1 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Marty Liquori wa Marekani alikuwa wa pili. Rekodi hiyo haikudumu hata miezi mitatu, kwa kuwa mwezi Agosti mwaka huohuo Walker alikimbia 3:49.4 mjini Gothenburg na kuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 3:50. Rekodi ya mita 1500 ilidumu zaidi, hadi Agosti 1979, ilipovunjwa na Sebastian Coe wa Uingereza kwa tofauti ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo nakiri linanigusa, kwa sababu nimelisikia likiulizwa kwa kejeli na watu ambao hawajui kilichotokea. Mwaka 1976 dunia ilikuwa inasubiri jambo moja katika riadha: Bayi na Walker wakutane Montreal. Mwaka huo timu ya taifa ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, katika majira yaleyale ambayo watoto wa Soweto walikuwa wamepigwa risasi mitaani. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe Olimpiki, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kwa hoja kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, na zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika, zikasusia michezo. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo, na isingeweza kuwa vinginevyo: Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vyama vya wapigania uhuru vilikuwa na ofisi na kambi katika ardhi yetu. Mpinzani mkubwa wa mwanariadha wetu bora alitoka katika nchi ileile iliyosababisha mgomo. Walker alishinda dhahabu kwa dakika 3:39.17, katika fainali iliyoanza kwa mwendo wa taratibu kiasi kwamba mita 800 zilipitwa kwa zaidi ya dakika 2 na sekunde 3. Linganisha na dakika 1 na sekunde 52 za Christchurch, uone pengo lililoachwa na mtu mmoja ambaye hakuwepo.

Haki inanitaka niongeze kwamba Bayi alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla ya michezo hiyo, na kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba angeshinda. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni, na mkimbiaji wa mbio za kati anaweza kujisikia mzima, homa imekwisha, huku damu yake ikihitaji majuma kadhaa kurudi katika hali yake. Hilo likuhusu na wewe, Mwalimu: mwanafunzi aliyetoka kuugua malaria asirudishwe kwenye mazoezi makali kwa sababu tu amerudi darasani.

Zingatia pia kalenda ya wakati ule. Mashindano ya Dunia ya Riadha yalianza mwaka 1983 mjini Helsinki. Mkimbiaji wa leo akikosa Olimpiki moja ana mashindano ya dunia kila baada ya miaka miwili, na mikutano mikubwa yenye zawadi kila msimu. Bayi alikuwa na Olimpiki tu: moja akiwa na miaka 19 na bado mbichi, ya pili akiwa katika ubora wake lakini nchi yake haikwenda, na ya tatu akiwa na miaka 27. Kumpima mtu huyu kwa dhahabu ya Olimpiki peke yake ni kumpima kwa mlango ambao alifungiwa. Mimi namwita bingwa mkubwa bila kusita, na ushahidi wangu ni saa. Muda wake wa Christchurch ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 mjini Birmingham mwaka 2022. Katika miaka hiyo 48 walipita katika michezo hiyo mabingwa wa Kenya, Uingereza na kwingineko, wenye viatu vya kisasa na viwanja bora, na hawakuugusa. Katika Tanzania muda huo ni rekodi ya taifa hata leo, na jambo hilo, ingawa linamheshimu Bayi, linapaswa kutuumiza sisi tunaofundisha.

Baada ya Montreal hakuacha. Mwaka 1978 alishinda tena mita 1500 katika Michezo ya Afrika mjini Algiers, akitetea taji la Lagos, na mwaka huohuo Edmonton, Canada, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alipata medali ya fedha kwa 3:35.59, nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza aliyekimbia 3:35.48. John Robson wa Uskoti alikuwa wa tatu kwa 3:35.60. Watu watatu waliingia ndani ya sekunde 0.12, na Bayi alikuwa katikati yao.

Kisha ikaja Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na hapa naomba uangalie kwa makini, maana ndipo penye jibu la swali lako la tatu. Bayi alirudi kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, mbio zilezile zilizomtoa kwenye mchujo Munich. Katika fainali aliondoka mbele kama kawaida yake na kuwatangulia wenzake kwa makumi ya mita. Nyuma yake alikuwa Bronisław Malinowski wa Poland, mshindi wa fedha wa Montreal, mtu aliyejua mbio hizo kwa undani kuliko yeyote uwanjani. Malinowski hakuhangaika. Aliula umbali ule kidogokidogo, na katika mzunguko wa mwisho akampita Bayi na kushinda kwa dakika 8:09.70. Bayi alimaliza kwa 8:12.48, na Eshetu Tura wa Ethiopia akawa wa tatu kwa 8:13.57.

Wako wanaosema kwamba Moscow inathibitisha ubaya wa mbinu ya Bayi. Naona wanakosea. Viunzi hubadilisha hesabu nzima. Katika mita 3000 kuna vizuizi 28 vya kawaida na 7 vya maji, na kila kimoja hukulazimisha kuvunja mwendo na kuujenga upya, kwa hiyo ile nafasi ya kupumzika kwa siri katikati ya mbio, ambayo ndiyo iliyomshindia Christchurch, ni vigumu mno kuipata. Mchovu hujulikana kwenye kizuizi: anapunguza hatua, anakanyaga juu badala ya kupita, anatua ndani zaidi ya maji, na aliye nyuma anayaona yote hayo. Hata hivyo tazama pengo kati ya fedha na shaba, sekunde 1.09. Laiti Bayi angekimbia kwa woga, katikati ya kundi, sina hakika kwamba angeuzuia mwendo wa Tura. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika mita 5000, na medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki.

Alipotundika viatu, Bayi hakuuacha mchezo. Pamoja na mkewe alianzisha shule zinazobeba jina lake, Kimara jijini Dar es Salaam na Kibaha mkoani Pwani, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Sasa turudi kwa kijana wako. Usimkataze kuongoza, kwa sababu ujasiri wa kuongoza ni mgumu kufundisha, na yeye anao tayari. Mfundishe mzunguko wa tatu. Simama kwenye mstari wa kuanzia ukiwa na saa yako, uandike muda wake kila anapomaliza mita 400, kisha umwonyeshe karatasi hiyo jioni, akiwa ametulia. Tuseme lengo lake ni dakika 4:05. Wastani wake ni sekunde 65.3 kwa mita 400. Akikimbia kwa mpangilio wa Bayi, wa kwanza utakuwa sekunde 63.5, wa pili 66, wa tatu 67.5, na mita 300 za mwisho sekunde 48. Jumla ni 4:05 kamili. Nina hakika ukipima utakuta kwamba wa kwanza anaupita kwa sekunde 59 au 60, na kwamba wa tatu unamporomokea hadi 70 bila yeye kutaka. Kupunguza mwendo kwa kupenda na kupunguzwa na uchovu ni mambo mawili tofauti kabisa, na tofauti yake inaonekana katika mita 300 za mwisho.

Zoezi la kumfundisha ni jepesi kupanga, hata kwenye uwanja wa nyasi wa shule uliochorwa kwa chokaa. Akimbie mita 1000 mfululizo: mita 400 kwa sekunde 63 au 64, mita 300 zinazofuata kwa sekunde 50 au 51, kisha mita 300 za mwisho kwa 48. Apumzike vya kutosha, dakika 8 hivi, arudie mara moja, na siku nyingine mara mbili. Zile mita 300 za katikati ndizo somo lenyewe. Mabega yashuke, viganja vilegee, pumzi itoke kwa kina, lakini urefu wa hatua usibadilike, ili aliye nyuma asione kitu. Mwanzoni atapunguza kupita kiasi, au hatapunguza kabisa, na itamchukua muda kuipata sekunde moja na nusu anayoihitaji. Mweke na mwenzake wa kumkimbiza, maana kupumzika ukiwa peke yako uwanjani ni rahisi, na kupumzika ukisikia viatu vya mtu nyuma yako ndiyo kazi.

Haya yote hayatamsaidia asipokuwa na msingi. Katika mita 1500, zaidi ya robo tatu ya nguvu hutokana na oksijeni inayovutwa wakati wa mbio, na msingi huo hujengwa kwa mbio ndefu za mwendo wa wastani, siku nyingi katika juma, miezi mingi katika mwaka. Mbulu mna vilima, hewa ya juu na barabara za vumbi laini. Katika hilo hamna upungufu wowote. Wilaya yenu ndiyo iliyomtoa John Stephen Akhwari, na mbio zake za marathoni za Mexico mwaka 1968 zinakumbukwa hadi leo. Vilevile mpe kijana mashindano madogo mawili au matatu ambayo atalazimika kukaa nyuma hadi mita 300 za mwisho. Bayi aliongoza kwa kuchagua, na kijana asiyejua kufuata hana cha kuchagua.

Kuhusu viunzi na maji, jibu langu ni kwamba asubiri. Kizuizi cha mbio hizo kwa wanaume kina urefu wa sentimita 91.4, ni kizito na hakianguki kinapogongwa kama kile cha mbio fupi, na shimo la maji lina urefu wa mita 3.66. Bila kizuizi halisi na shimo lililojengwa vizuri, mtamuumiza magoti au kifundo cha mguu kabla hajajua kama ana kipaji cha mbio hizo. Unaweza kuanza kumzoesha kwa magogo mafupi yaliyolazwa kwenye nyasi, akiruka kwa kila mguu bila kuvunja mwendo, mara moja kwa juma na bila saa. Akifika miaka 19 au 20 akiwa ametulia kwenye mita 1500, na mkapata uwanja wenye shimo la maji, aanze na mita 2000 kabla ya 3000, na hapo ndipo mtakapoamua.